Kuharibika au Kujiharibu? Walter White Mbele ya Hukumu ya Watazamaji

Kitenzi ‘haribu’ kina utajiri ambao wengi wetu huutumia kila siku bila kuutia maanani. Gari huharibika barabarani. Mfanyabiashara aliyepata hasara juu ya hasara husemwa ameharibikiwa. Kijana aliyefunzwa ulevi na rafiki zake ameharibiwa. Na yule aliyeyataka mwenyewe, asiye na wa kumnyooshea kidole ila kivuli chake, huyo amejiharibu. Mzizi ni ule ule. Kinachobadilika ni viambishi, na viambishi hivyo ndivyo hutuambia nani abebe lawama. Tukisema gari limeharibika, sentensi haituelezi nani alilifanya nini. Mnyambuliko wa ‘kuharibikiwa’ humgeuza mtu kuwa mhasiriwa wa kuonewa huruma. Nayo ‘ji’ ya kujirejelea humrudishia mtu mzigo wake mikononi.

Katika historia ya tamthilia za runinga sijui mfano unaozianika tofauti hizi waziwazi kuliko wa Walter White, mhusika mkuu wa Breaking Bad. Tamthilia hiyo iliyobuniwa na Vince Gilligan ilianza kuonyeshwa na kituo cha AMC nchini Marekani tarehe 20 Januari 2008, ikakamilika tarehe 29 Septemba 2013 baada ya misimu mitano na vipindi 62. Jina lenyewe limetokana na msemo wa mitaani wa kusini mwa Marekani, wenye maana ya mtu aliyekuwa sawa kisha akaingia njia mbaya. Anayetaka kulitafsiri kwa Kiswahili hana budi kuchagua: ni kuharibika au ni kujiharibu? Na kuchagua tayari ni kutoa hukumu. Watazamaji walibishana kuhusu hukumu hiyo kwa miaka mitano na ushei, na mambo waliyoyafanya katika kubishana huko ni sehemu ya historia sawa na tamthilia yenyewe.

Kwanza kisa, kwa ufupi. Walter ametimiza miaka 50. Anafundisha kemia katika shule ya upili mjini Albuquerque, jimbo la New Mexico. Mshahara hautoshi, kwa hivyo baada ya masomo huenda kufanya kibarua mahali pa kuoshea magari, na siku moja anajikuta ameinama akisugua gurudumu la gari la mwanafunzi wake mwenyewe. Mkewe, Skyler, ni mjamzito. Mwana wao wa kiume ana mtindio wa ubongo. Kisha daktari anamwambia kwamba ana saratani ya mapafu ambayo haiwezi kufanyiwa upasuaji. Hank, mwanyumba wake (wameoa ndugu wawili), ni afisa wa kikosi cha serikali cha kupambana na mihadarati, na anamchukua siku moja kutazama msako. Huko Walter anamwona Jesse Pinkman, mwanafunzi wake wa zamani, akitoroka kupitia dirishani. Anaamua kushirikiana naye kutengeneza methamfetamini ili aiachie familia kitu kabla hajafa.

Mwalimu yeyote wa Kenya anayesoma haya ataelewa kwa nini mwanzo huo ulikuwa mtego. Nani hajamwona mwalimu mwenye shahada akihangaika na biashara za pembeni ili karo ya watoto wake ipatikane? Mpaka hapo, kitenzi kinachomfaa Walter ni kimoja tu: jamani, mtu huyu ameharibikiwa.

Ili tupime ukubwa wa jaribio la Gilligan, yafaa turudi nyuma kidogo. Kwa muda mrefu sinema na runinga za Marekani hazikumruhusu mhalifu awe mpenzi wa hadhira, angalau si kwa maandishi. Mwaka 1930 wakuu wa makampuni ya filamu ya Hollywood walijiwekea kanuni za maadili, zikaanza kutekelezwa kwa ukali mwaka 1934, na zikadumu hadi 1968. Mojawapo ya masharti yake lilikuwa kwamba hadhira isivutwe kuwa upande wa mtenda maovu. Filamu ya Scarface ya mwaka 1932, kuhusu jambazi anayejipandisha ngazi kwa risasi, iliwatia wadhibiti kiwewe hata kabla ya ukali huo. Watengenezaji wakalazimika kuiongezea jina la pili lililouita ujambazi huo aibu ya taifa, na wakapiga mwisho mwingine ambamo jambazi ananyongwa kisheria. Runinga nayo ilikuwa na kanuni zake, zilizowekwa na chama cha watangazaji mwaka 1952 na kuachwa mwaka 1983.

Mwaka huo huo wa 1983 Scarface ilitengenezwa upya, Al Pacino akiigiza Tony Montana. Montana anakufa kwa kumiminiwa risasi, yaani funzo la zamani liko pale pale: ubaya haulipi. Wapi! Vijana walibandika picha yake ukutani. Walikuwa wamemtazama kwa karibu saa tatu akiwa tajiri na asiyemwogopa mtu, na dakika chache za kifo hazikutosha kuyafuta hayo. Nimeitaja filamu hii kwa sababu Gilligan alipokuwa akiuza wazo lake kwa wenye vituo alilieleza hivi: atamchukua Mr. Chips, yule mwalimu mpole wa hadithi ya James Hilton ya mwaka 1934, amgeuze Scarface. Katika msimu wa mwisho Walter anaonekana sebuleni akiitazama filamu yenyewe pamoja na mwanawe, akiifurahia.

Kwamba watazamaji hawamtii mtunzi lilikuwa jambo lililokwisha kuthibitishwa kitaaluma. Mnamo Januari 1971 kituo cha CBS kilianza kuonyesha All in the Family, tamthilia ya kuchekesha ya Norman Lear. Mhusika wake mkuu, Archie Bunker, ni mfanyakazi mwenye chuki dhidi ya Waafrika, Wayahudi na karibu kila mtu asiye kama yeye, na kila jioni hubishana na mkwewe aliyesoma, Mike. Lear alikusudia chuki hiyo ichekwe. Mwaka 1974 watafiti Neil Vidmar na Milton Rokeach walichapisha uchunguzi wao kuhusu watazamaji wa Marekani na Kanada. Waligundua kwamba wale wenye chuki zaidi walikuwa na mwelekeo mkubwa zaidi wa kumpenda Archie kuliko Mike na kumwona kuwa ndiye mwenye hoja za maana. Kila mtu alicheka, ila si kwa sababu moja.

Kisha akaja J.R. Ewing wa Dallas, mlaghai wa mafuta ambaye kipindi cha kufichua aliyempiga risasi, tarehe 21 Novemba 1980, kilitazamwa na Wamarekani zaidi ya milioni 80. Lakini J.R. hakuharibika. Alikuwa hivyo tangu siku ya kwanza na akabaki hivyo. Runinga ya enzi hizo haikupenda mtu abadilike, maana vipindi viliuzwa kurudiwa miaka nenda miaka rudi bila mpangilio, na mhusika wa leo alipaswa kufanana na wa juzi.

Ufa mkubwa ulitokea tarehe 7 Februari 1999. Siku hiyo kituo cha HBO, ambacho huishi kwa ada za wateja wala si kwa matangazo ya sabuni, kilionyesha kipindi cha tano cha The Sopranos. Tony Soprano, kiongozi wa genge la kihalifu huko New Jersey, anampeleka bintiye kutazama vyuo vikuu katika jimbo la Maine. Njiani anamwona mtu aliyewahi kulisaliti genge. Anamwacha binti kwa shughuli zake, anamwendea yule mtu na kumnyonga kwa mikono yake mwenyewe, kisha anarudi kuendelea na ubaba. Wakuu wa HBO waliogopa kwamba watazamaji wangemkimbia. David Chase, mtunzi, alishikilia kwamba jambazi asiyemwadhibu msaliti hataaminika. Watazamaji hawakukimbia. Miaka minane baadaye, tamthilia ilipoisha mwezi Juni 2007 kwa skrini kuwa nyeusi ghafla, wengi walikasirika kwa kutomwona Tony akiuawa, na Chase akawashangaa watu waliomshangilia mtu kwa miaka yote hiyo kisha wakadai damu yake. Katikati, mwaka 2002, The Shield ilikuwa imekwenda mbali zaidi: askari Vic Mackey alimpiga risasi askari mwenzake katika kipindi cha kwanza kabisa. Hata hivyo, Tony na Vic tuliwakuta wakiwa wamekwisha kupotoka. Walter tulimkuta darasani, na chaki mkononi.

Gilligan alihitaji mwigizaji ambaye hadhira ingeendelea kumhurumia hata asipostahili. Mwaka 1998, akiwa miongoni mwa waandishi wa The X-Files, aliandika kipindi kuhusu mtu mbaguzi na mwenye kero ambaye hata hivyo mtazamaji alipaswa kuumia anapokufa. Aliyeigiza ni Bryan Cranston. Wakuu wa AMC walimjua Cranston kama baba mchekeshaji wa Malcolm in the Middle na hawakumwona katika nafasi ya Walter, hadi Gilligan alipowaonyesha kipindi hicho cha zamani. Cranston alishinda tuzo ya Emmy ya mwigizaji bora mara nne kwa kazi hii, mwaka 2008, 2009, 2010 na 2014.

Sasa tuutazame mteremko wenyewe, maana hapa ndipo penye kazi. Mauaji ya kwanza ambayo Walter anayatafakari ni ya mlanguzi aliyemfungia chini ya nyumba, shingo ikiwa imefungwa kwa kufuli la baiskeli. Anampelekea chakula, wanazungumza, anaandika orodha ya sababu za kumuua na za kumwachilia. Anakaribia kumwachilia. Kisha anagundua kwamba kipande cha sahani iliyovunjika hakipo, mateka amekificha ili amchome nacho. Anamuua huku akilia na kuomba radhi. Mtazamaji mwenye moyo mgumu kiasi gani angemlaani?

Jambo zito zaidi linafuata vipindi viwili baadaye, nalo halina damu. Marafiki zake wa zamani, Elliott na Gretchen, ambao walitajirika kutokana na kampuni aliyoianzisha pamoja nao na kuuza hisa yake kwa dola 5,000, wanajitolea kulipa gharama zote za matibabu yake. Anakataa. Kwa maoni yangu, hapa ndipo kitenzi kinapobadilika, na cha kushangaza ni jinsi watazamaji walivyopita hapa bila kusimama. Shida aliyoitoa kuwa sababu imepata dawa, ila dawa ina ladha ya kusaidiwa, na yeye hataki kusaidiwa. Kuanzia siku hiyo kila anaposema “familia”, neno hilo ni kama shuka lililotandikwa juu ya kitu kingine.

Mwishoni mwa msimu wa pili, mwaka 2009, Jesse ana mpenzi aitwaye Jane. Wote wawili ni watumwa wa heroini. Jane anaijua siri ya Walter na ametishia kuifichua. Walter anaingia chumbani walikolala wakiwa wamelewa. Anapomtikisa Jesse, Jane anageuka chali, anatapika, anaanza kupaliwa. Walter anapiga hatua kumwendea, kisha anasimama. Anatazama hadi pumzi zinakatika. Muda mfupi kabla ya hapo tumemwona nyumbani akihakikisha mwanawe mchanga amelala ubavu ili asipaliwe.

Katika wazo la awali la Gilligan, Walter angemdunga Jane dozi ya pili kwa mkono wake. Waliohusika walihisi kwamba ni mapema mno na kwamba watazamaji wangempoteza kabisa, kwa hivyo tendo likawa kutotenda. Uamuzi huo ulikuwa na akili nyingi. Kiswahili hutuuliza: alimuua, au alimwacha afe? Mwenye kumtetea hushika la pili. Lakini ‘kuacha’ nako ni kitenzi chenye mtenda, na mtenda huyo alikuwa na mikono miwili. Cranston ameifungua tawasifu yake ya mwaka 2016 kwa tukio hilo hilo, akieleza kwamba wakati wa kulipiga ghafla aliona uso wa binti yake halisi badala ya wa mwigizaji mwenzake. Mwigizaji alivunjika moyo. Watazamaji wengi walisema: vizuri, Jane alikuwa tishio.

Babake Jane ni mwongozaji wa ndege. Anarudi kazini na majonzi yake, ndege mbili zinagongana juu ya Albuquerque, wanakufa watu 167. Shuleni panafanyika mkutano wa kuwafariji wanafunzi, na Walter, mbele ya vijana wanaolia, anasimama kuwaeleza kwamba katika orodha ya ajali za ndege duniani hii ni ya hamsini tu kwa ubaya. Ni tukio la kuchekesha na kutisha kwa pamoja. Mtu anayejua alichokifanya anatumia hesabu kukipunguza.

Baada ya hapo mambo yanakwenda kwa kasi. Anamtuma Jesse kumuua mkemia asiye na makuu. Mwaka 2011, mwishoni mwa msimu wa nne, watazamaji walimshangilia alipomlipua Gus Fring, bwana mkubwa wa mihadarati, na wakiwa bado wanashangilia kamera ikawaonyesha mmea wenye sumu kando ya bwawa la kuogelea nyumbani kwake: kumbe mtoto aliyekuwa mahututi alilishwa sumu na Walter mwenyewe, ili Jesse arudi upande wake. Katika msimu wa tano kijana mdogo aliyeshuhudia wizi wao wa kemikali kwenye treni anapigwa risasi na mwenzao. Walter anamwambia Jesse kwamba naye hapati usingizi kwa ajili ya jambo hilo. Dakika chache baadaye Jesse anamsikia akipiga mluzi kazini. Mluzi huo, kwangu mimi, ndio unaotisha kupita bunduki zote.

Na pesa? Mwanzoni mwa msimu wa pili Walter alipiga hesabu ya karo, nyumba na matumizi ya familia baada ya kifo chake, akapata dola 737,000. Tunapomfikia mwisho ana takriban dola milioni 80 ndani ya mapipa. Hakuna kikokotoo kinachoweza kuziunganisha tarakimu hizi mbili kwa kutumia neno “familia”.

Kwa nini basi watu waliendelea kumshabikia? Mhakiki wa filamu Murray Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu namna hadhira inavyohusiana na wahusika, alitenganisha mambo mawili ambayo tunayachanganya. La kwanza ni kuandamana na mhusika: tunaona anayoyaona, tunajua siri zake, tuko naye chumbani. La pili ni kuwa upande wake kimaadili. Kiswahili kinaweza kuibeba tofauti hiyo bila taabu, maana kufuatana na mtu si sawa na kumfuata. Tulifuatana na Walter kwa vipindi 62. Tulikuwa tumejificha naye, hivyo kila polisi alipobisha hodi mapigo ya moyo yaliyopanda yalikuwa yetu. Wengi waliudhani woga huo wa pamoja kuwa upendo.

Kuna na suala la muda. Katika hadithi, ni miaka miwili tu tangu siku ya kuzaliwa ya 50 hadi ile ya 52. Mtazamaji wa tangu mwanzo aliishi miaka mitano na miezi minane na mtu huyo. Uovu ulimjia kidogo kidogo, kwa mapengo ya wiki na miezi, na kila mara kiwango cha yale anayoweza kuyavumilia kilipanda nusu shubiri. Kipindi cha kwanza kilitazamwa na watu takriban milioni 1.4. Cha mwisho kilitazamwa na milioni 10.3. Ongezeko hilo kwa sehemu kubwa lilitokana na Netflix, kama Gilligan mwenyewe alivyokiri usiku alipopokea tuzo ya Emmy ya tamthilia bora mwaka 2013: watu walitazama misimu iliyopita kwa mfululizo, kisha wakajiunga na wengine. Ningetarajia kwamba mtu aliyeumeza mteremko wote kwa wiki mbili angeuona uovu kwa urahisi zaidi, kama mgeni anayeona jinsi mtoto wa jirani alivyorefuka. Sina hakika kwamba ndivyo ilivyokuwa. Mbio hizo huenda zilimfanya Walter avutie zaidi, kwa kuwa hapakuwa na siku sita za kuwaza.

Aliyelipa gharama ya mapenzi hayo ni Skyler. Yeye ndiye anayegundua uongo, ndiye anayemtaka mumewe aondoke nyumbani, ndiye anayesema waziwazi kwamba watoto wako hatarini. Karibu kila alilolisema lilithibitika kuwa kweli. Hakuwa malaika, alizini na bosi wake na baadaye akashiriki kutakatisha pesa kupitia biashara ya kuosha magari. Lakini tazama mizani: watazamaji waliomsamehe mume kifo cha Jane na sumu ya mtoto hawakumsamehe mke kwa kununa. Aliitwa mgomvi, mzigo, mchawi. Tarehe 23 Agosti 2013 Anna Gunn, aliyeigiza nafasi hiyo, aliandika makala katika gazeti la New York Times akieleza jinsi chuki dhidi ya mhusika ilivyovuka mpaka na kumfikia yeye mwenyewe, hadi mtu mmoja kuandika akiuliza atakakompata ili amuue. Gunn alihoji kama chuki hiyo haikutokana na mwanamke kukataa kuvumilia kimya au kumshabikia mumewe. Mwezi uliofuata alishinda Emmy ya mwigizaji msaidizi bora, na ya pili mwaka 2014. Nadhani hakuna ushahidi bora kuhusu nguvu ya kufuatana na mhusika kuliko huu: aliyesimama mlangoni akisema “hapana” alionekana kuwa ndiye adui.

Hapa wanafunzi wetu wa fasihi wana jambo la kuangalia. Tumezoea kumwita mhusika mkuu ‘shujaa’, na wengine husema ‘nguli’ au ‘jagina’. Neno shujaa limetoka katika Kiarabu, nalo kimsingi hutaja ujasiri, wala halikuahidi wema. Hata hivyo masikioni mwa Mkenya anayeadhimisha Mashujaa kila tarehe 20 Oktoba, shujaa ni mtu wa kuenziwa. Ukimwita Walter shujaa wa hadithi, tayari umempa kiti cha mbele. ‘Mhusika mkuu’ ni istilahi baridi, lakini ubaridi wake una faida. Fasihi yetu nayo imewahi kutuuliza swali hili: Makbeth alitufikia kwa Kiswahili mwaka 1968 kupitia tafsiri ya S. S. Mushi, na tangu Euphrase Kezilahabi alipochapisha Rosa Mistika mwaka 1971 wasomaji wameulizana kama Rosa aliharibiwa na ukali wa babake au alijiharibu. Wengi hujibu kwamba ni yote mawili. Kwa Rosa jibu hilo lina haki. Kwa Walter, ambaye alipewa njia ya kutokea mapema kabisa akaifunga kwa mkono wake, nalipinga. Aliyeharibiwa katika kisa hiki ni Jesse.

Gilligan hakuliacha swali hilo hewani. Katika kipindi cha mwisho Walter anamwendea Skyler kumuaga. Mke, akitarajia wimbo ule ule wa familia, anamkatiza. Ndipo kwa mara ya kwanza mume anakiri kwamba alifanya yote kwa ajili yake mwenyewe, kwamba alipenda, kwamba alikuwa hodari na alijihisi yu hai. Ni ‘ji’ tupu. Nazo dola zaidi ya milioni 9 zilizobaki zinapangwa kuwafikia watoto kupitia Elliott na Gretchen, wale wale ambao msaada wao aliukataa.

Ungedhani ungamo hilo lingefunga mjadala. Siku chache baadaye, mwezi Oktoba 2013, mashabiki walilipia tangazo la kifo cha Walter White katika gazeti la Albuquerque Journal, na baadaye wakamfanyia mazishi ya kuigiza katika makaburi halisi ya mji huo, kwa kuchangisha pesa za hisani. Familia zilizozika watu wao pale zililalamika, na jiwe la kaburi likaondolewa. Nyumba iliyotumika kama makazi ya Walter, ambayo ni makazi ya watu halisi, iligeuka kituo cha hija. Mashabiki walirusha pitsa juu ya paa kuiga tukio la msimu wa tatu, Gilligan akawasihi hadharani waache, wenyewe mwishowe wakajenga ua wa chuma.

Mwezi Julai 2022 sanamu mbili za shaba, ya Walter na ya Jesse, zilizinduliwa katika jumba la mikutano la Albuquerque, zawadi ya Gilligan na kampuni ya Sony. Baadhi ya wanasiasa wa jimbo walinung’unika kwamba mji unaosumbuliwa na mihadarati unawatukuza wapishi wa mihadarati. Gilligan mwenyewe amekuwa akisema katika mahojiano kwamba kadiri miaka inavyopita ndivyo huruma yake kwa Walter inavyopungua. Mwezi Februari 2025, akipokea tuzo ya heshima ya chama cha waandishi, aliwaambia wenzake kwamba angependa kukumbukwa kwa kubuni mtu mwema kuliko kwa Walter, na akawataka waandike watu wema zaidi, kwa kuwa waovu waliobuniwa kama onyo wamegeuka vielelezo.

Sanamu ya Skyler haikutengenezwa.